Pakavu

Alimleta Jumatatu, siku ambayo sina wateja,
akamfunga kwenye nguzo ya umeme mbele ya kibanda changu,
na wauza mitumba wa Kiboroloni wakaacha kukung'uta makoti.
Punda tumewazoea. Farasi ni kioja.

"Fundi Ndeonasia," akasema Eliaringa,
"huyu nimemnunua Usa, shamba la watalii.
Wanasema amezeeka. Kwangu atavuta majani ya ng'ombe
kutoka kule chini tambarare mpaka Kibosho.
Lakini hebu angalia."

Akaondoa gunia.
Vidonda viwili, kimoja kila upande wa uti,
vya duara, kama vifuniko vya soda,
na tandiko la punda lililovichimba
limeshikiliwa kwa kamba ya katani na matumaini.

Mimi ni fundi wa viatu.
Najua mguu: wa kushoto si pacha wa kulia,
na jioni unavimba, kiatu cha asubuhi kikawa kimesema uongo.
Mgongo sikuujua.

Nikatafuta waya wa umeme, ule mnene,
nikaulaza juu ya mabega yake, nikaukunja polepole
kama mtu anayemtoa mtoto kiatu akiwa usingizini,
nikaunyanyua bila kuutikisa
nikauchora kwenye mfuko wa saruji.
Kilima kidogo kikabaki pale kwenye karatasi,
upande mmoja umeporomoka kuliko wa pili.
"Hivi ndivyo alivyo," nikamwambia.
"Wewe umemvika alivyo mwenzake."

Nikachonga mringaringa, vipande viwili,
katikati nikaacha bonde, upepo upite,
uti usiguswe na kitu.
Chini ngozi ya ng'ombe, ndani sponji ya godoro la wanangu
(walilala kwenye mkeka wiki mbili, hawajasahau).
Juu bawaba, na bolti mbili kwenye mfereji mrefu:
legeza, sogeza, kaza.

Eliaringa akacheka. "Tandiko lenye bawaba! Ni mlango?"
Nikamjibu, mgongo nao una kiangazi na masika.
Februari mbavu zinahesabika,
Mei nyasi zimemjaza, tandiko lile lile linamfinya.
Utanunua mangapi?

Siku ya kwanza walirudi saa kumi.
Nikalifungua. Mgongo wote umelowa jasho
isipokuwa mahali pamoja, pakavu, pana kama kiganja.
Eliaringa akafurahi: "Umeona? Hapo hakuchoka."

La. Hapo ndipo alipobanwa
mpaka jasho likakosa pa kutokea.
Pakavu ndipo panapolia.

Baba yangu alikuwa mpagazi wa mlimani.
Getini walipima mzigo wake. Kilo ishirini,
ikaandikwa, ikapigwa muhuri.
Bega halikupimwa na mtu.
Aliporudi mama alimkanda kwa maji ya chumvi
na mimi nilishika kibatari,
nikadhani ile alama alizaliwa nayo.

Nikalegeza bolti ya kushoto. Nusu inchi.
Siku ya pili, pakavu pakawa kama sarafu.
Robo inchi.
Siku ya tatu jasho lilienea mgongo mzima kama shuka,
na farasi akashusha pumzi ndefu, puani,
au labda ni vumbi tu, sitaki kumsemea.

Vidonda vimefunga. Manyoya yaliyoota pale ni meupe,
hayatarudi kuwa ya kahawia.
Eliaringa ananidai samahani, mimi namdai elfu thelathini.

Mfuko wa saruji nimeugongelea ukutani.
Una mistari mitatu sasa, kila mmoja na tarehe yake,
kilima kinakonda, kinanenepa.
Wa nne nitauchora masika yakiisha.

Jana amerudi, ameleta punda wake wa zamani,
yule aliyelivaa tandiko la kwanza miaka sita.
Wanasema fadhila za punda ni mateke.
Hawasemi alivikwa nini.
Nikachukua waya.