Goti la Bi Semeni

Shekivuli, muuzaji, alimpa mume wangu ufunguo.
Mbwana akaupokea, akaupindua, akanikabidhi mimi.
"Dereva ndiye huyu. Mimi ni abiria na mfuko."
Shekivuli akacheka kicheko cha mtu
aliyekanyaga msumari mbele ya wageni.

Ya kwanza nyeupe, ndefu, viti vinane,
mlango wa ubavuni unajifungua wenyewe
kwa sauti ya mtu anayesafisha koo kabla ya hotuba.
Watoto waliufungua mara kumi na moja.
Nikaitoa Chumbageni, nikazivuka barabara za Ngamiani,
ya Tisa, ya Kumi, ya Kumi na Moja,
ikaenda kama kabati linalohamishwa na waungwana:
haigombi, haiharakishi.
Kwenye tuta ikanyanyuka, ikatafakari, ikashuka.
Kona niliikata leo; yenyewe ikaja kuikata kesho.
Lakini nafasi, jamani!
Magunia mawili ya machungwa ya Muheza,
baiskeli ya Athumani, ndoo, mkeka,
na ugomvi wa watoto ungepata kiti chake.

Ya pili rangi ya damu ya mzee, imesimama juu, tairi nene.
Mbwana aliipenda kabla haijawashwa.
Nami sifichi: nilipoushika usukani
nilijiona mkuu wa wilaya.
Nikaielekeza Pongwe, nikakanyaga,
mgongo ukaenda kusalimiana na kiti.
Usukani unasikia hata wazo.
Lile shimo lililonila rimu mwaka jana
ililivuka bila kuliuliza jina.
Ila mshale wa mafuta ulishuka
kama mtu aliyesikia chini kuna pilau.
Na viti vya nyuma kabisa
vilibuniwa na mtu asiyewahi kuwa na miguu.
Rukia alikaa magoti yakigusa masikio:
"Mama, hiki ni kiti au adhabu?"

Ya tatu ndogo, kijivu, nusu umeme nusu petroli.
Nilipopunguza mwendo pale Bombo ikanyamaza kabisa.
Nikaona haya, nikatafuta ufunguo.
"Haijazima," alisema Shekivuli, "inapumzika."
Katika kimya kile nilisikia bangili zangu,
nikasikia tumbo la Mbwana likidai chai.
Breki zake laini, kama mkono begani.
"Na Amani, kwa wazazi wangu, watu sita na mizigo,
mlima ule na matope yale?"
Shekivuli akavitazama viatu vyake.
"Na betri ikifa?"
"Hii haifi, mama."
"Nami niliambiwa hivyo," alisema Bi Semeni, "kuhusu magoti."

Mama mkwe wangu alikuwa amekaa muda wote
kwenye kiti cha plastiki, kivulini pa bati,
hakuuliza bei, hakuuliza mwaka.
Sasa akainuka na mkongojo wake.
Ile nyeupe ilimtaka mkono wa mwanawe.
Ile nyekundu ilitaka wanaume wawili na bismillahi,
kanga ikapanda, akaishusha kwa hasira, akatangaza basi.
Ya kijivu akaigeuzia mgongo, akaketi,
akaingiza mguu mmoja, kisha wa pili,
kama mtu apandaye kitanda chake mwenyewe.
Akavuta mkanda. Tak.
Hakumtazama yeyote.
Sote tulijifanya tunahesabu magari ya watu.

Hatukununua siku ile.
Tulirudi kwa bajaji mbili, Mbwana akipiga hesabu
nyuma ya risiti ya dawa:
akiandika, akifuta, akiandika.
Alipoulizwa, Bi Semeni alisema tu,
"Ile ndogo inajua kumkaribisha mtu."
Na nadhani ndiyo tutakayoichukua,
machungwa yatafute usafiri wake.

Lakini usiku, wote wamelala,
viganja vyangu vimekaa juu ya shuka
saa nne kasoro na saa mbili na dakika kumi,
vimeshika kitu cha mviringo, cha damu ya mzee,
na barabara ya Pongwe inanyooka mbele.
Sijamwambia mtu.
Nakanyaga kidogo tu.