Yumo

Jumamosi ya kwanza ya mwezi napiga hodi
Barabara ya Kumi na Saba, upande wa kivuli kwanza,
daftari kwapani, kalamu nyuma ya sikio.
Elfu mbili kila nyumba, nasema,
ya gari la maji na ya gari la wagonjwa.
La maji lilibeba maziwa kabla hatujalinunua mnadani;
la wagonjwa ni bajaji iliyotiwa kitanda.
Maneno haya yameshachimba mfereji ulimini mwangu.

Bi Mwanshi anauliza, "Na nisipoungua,
mwisho wa mwaka mnanirudishia?"
Hapana, Bi Mwanshi.
Anacheka, anafungua fundo la kanga.
Noti zimekunjwa ndogo kama hirizi.

Mpangaji ananiambia nyumba si yake, nimfuate mwenyewe.
Mwenyewe, huko Chumbageni, ananiambia
ukuta hauumwi tumbo usiku,
nimfuate anayelala humo.
Nimekwenda na kurudi baina yao kwa baiskeli
hadi tairi la nyuma likatoa utumbo.

Kisha Mhando, fundi majokofu.
Mlango haufungui wote. Anasemea kwenye upenyo:
"Ule mwaka wa kisima nilitoa. Risiti ninayo.
Kisima kiko wapi?"
Najua kilipo. Kiko Mikanjuni,
kina sebule, kina madirisha ya vioo,
na aliyekuwa mwenyekiti wetu analala ndani yake.
Sikumjibu. Niliandika: Mhando, bado.
Mwezi uliofuata, bado.
Bado tisa, zimefuatana kwenye safu yake
kama siafu wanaohama.

Moto ulianzia kwa aliyelipa.
Simu ilikuwa kwenye chaji chini ya godoro la mjukuu wa Bi Mwanshi,
na upepo ule wa saa nane haukuja kwangu kuomba orodha.
Ukashika paa, ukashika paa la pili.
Shekue aliingiza gari kinyumenyume, kioo kimoja kikabaki ukutani,
akashuka na mpira begani,
akanyoosha kidole kwenye nyumba ya pili
na kunipigia kelele:
"Yumo?"

Nilikuwa na daftari. Sijui kwa nini nilitoka nalo,
watu hutoka na watoto.
Nikasema, "Yumo."

Maji yakaenda kwa Mhando.
Wakamtoa kwa dirisha la uani, mkono wa kulia umevimba,
bajaji ikamkimbiza Bombo, Bi Mwanshi kakaa pembeni yake
akimpepea kwa sufuria, ndicho pekee alichookoa.
Hata leo sijamuuliza Shekue
alitaka kujua yumo ndani ya nyumba
au yumo ndani ya daftari.
Hata leo sijajiuliza mimi nilijibu lipi.

Mwezi uliofuata sikubisha, mlango hakukuwa na wa kubisha.
Mhando alikuwa kakaa juu ya jokofu lililolala,
bandeji mpaka kiwikoni.
"Lete hilo."
Akasoma bado zake zote tisa, bila kuruka.
Kisha akarudi ukurasa wa kwanza,
akajumlisha kwa mkono wa kushoto, vumbini, kwa kijiti:
dizeli, betri, posho ya Shekue, dizeli.
Jua likatuhama. Muuza kahawa akapita, akarudi, akapita.
"Imepungua elfu nne," akasema.

Nikaangalia baiskeli yangu.
Yeye naye akaiangalia.

Ningeweza kusema mengi, jinsi ninavyozunguka bure,
jinsi goti linavyonilalamikia.
"Andika," akasema.
Nikaandika: tairi la nyuma, elfu nne,
na kalamu ilikuwa nzito kuliko ule mpira wa Shekue.

Ndipo akaingiza mkono wa kushoto kwenye mfuko wa kulia,
kwa tabu, akijipinda, akikataa nisimsaidie,
akatoa elfu mbili.
Za mwezi huu tu. Tisa zile hakuzitaja,
nami sikuzitaja.