Chungu cha Pweza

Tulifika Tavira saa saba mchana, jua limekaa juu ya mto
kama mgeni asiyejua kuaga.
Mama mkwe, Deolinda, miaka sabini na miwili,
mzaliwa wa bara, wa ngano na mizeituni,
akashuka garini na soksi zake nyeusi
na swali moja: "Bahari iko wapi?"
Tukamwonyesha mto. Akautazama.
"Huu naujua. Hata kwetu maji hupita."

Chumba tulipanga kwa Bi Idalina,
nyumba ya vigae vya buluu
vilivyobanduka kama magamba.
Alitupa funguo mbili, taulo nne,
na onyo: bomba la maji moto hufunguka kinyume.
Usiku mtu akakohoa chini ya ngazi.
"Paka," nikasema.
"Paka wa kuvuta sigara," akasema Deolinda, akageukia ukuta.

Asubuhi tukauzunguka mji kama wageni wanavyouzunguka,
shingo zimepinda, midomo wazi.
Daraja la matao tulilivuka mara tatu
maana kila tulipofika, kivuli kilikuwa ng'ambo.
Ngomeni, kuta zilizosahau vita zinafuga bustani,
waridi limeegemea tundu la mshale.
Mwanangu Tomé alihesabu makanisa, akafika kumi na mawili,
akadai aiskrimu kama fidia.
"Kwani watu wa hapa walikuwa na dhambi ngapi?"

Siku ya tatu, kigarimoshi kidogo mithili ya cha kuchezea
kilituvusha matopeni. Kaa walikimbia upande,
kila dume kanyanyua gando moja kubwa
kama mpiga fidla aliyechelewa harusini.

Halafu mchanga. Halafu nanga.
Nanga kwa mamia, safu kwa safu,
kucha zimezama, kutu juu ya kutu,
za wavuvi wa jodari,
zilizoachwa hapo jodari walipoacha kupita.
Watoto walizipanda. Mtu alianika taulo.
Deolinda akafanya ishara ya msalaba.
"Makaburi haya hayana majina?"
"Si makaburi, Mama. Ni vyuma."
"Kila chuma kilikuwa na mtu wa kukivuta."

Kisha akaketi, akavua soksi,
moja, baadaye sana nyingine,
akazikunja kama noti, akazitia mkobani.
Akaingia baharini hadi magotini.
"Baridi," alisema,
kama aliyelipwa deni alilokwisha kulisamehe.

Jioni, Santa Luzia, mzee Zeferino
alikuwa akikwangua vyungu vya udongo ukutani.
"Hatuweki chambo," alisema. "Pweza hana nyumba.
Akiona tundu huingia mwenyewe, akalala.
Ukivuta kamba hatoki. Hushikilia kuta."
Tomé akaacha kula.
Deolinda akanunua kimoja, baada ya ubishi mrefu,
kilichopasuka mdomo, cha kupandia rihani.

Usiku ule alishuka kutafuta maji ya kunywa.
Stoo ya chini ya ngazi ilikuwa wazi.
Kati ya ufagio na mashuka ya wageni,
juu ya kitanda cha kukunja, Bi Idalina,
magoti kifuani, mwanga wa simu usoni.
"Ni Agosti tu," alisema haraka, kama mtu aliyefumaniwa.
"Agosti hulipa Januari."
Kitanda chetu kilikuwa chake.
Na kile dirishani, alicholalia Deolinda, cha marehemu mumewe.

Sikusikia walichozungumza.
Nilisikia ngazi ikilia mara mbili,
nyayo za watu wawili zikipanda.

Saa mbili asubuhi kengele ikalia mlangoni:
wapangaji wapya, masanduku ya magurudumu,
kofia, mafuta ya jua, mtoto analia.
Bi Idalina alikuwa amelala kando ya dirisha,
kinywa wazi, mikono miwili imeshika ukingo wa godoro.
Kengele tena.
Deolinda akavaa soksi zake, taratibu, zote mbili,
akaweka chungu chini, akashuka kufungua.
"Subirini," tulimsikia akisema. "Mwenye nyumba amelala."