Ile Nne

Mlango wa Mama Aikaruwa ulikataa kuingia.
Mninga mtupu, umepigwa msasa hadi unang'aa,
umesukumwa kwa mkokoteni kutoka Pasua hadi Rau,
Moshi nzima ikiutazama,
kisha ukasimama mbele ya tundu lake
kama mgeni aliyekosea nyumba.

Seremala Ndelilio akatoa karatasi: inchi themanini na nne.
Mimi nikavuta futi kamba: sentimita mia mbili na kumi.
Kila mtu na haki yake, na mlango uko nje.

Hesabu niliipiga mwenyewe, kwa penseli ya sikioni,
juu ya mfuko mtupu wa saruji:
themanini na nne mara mbili na nusu.
Nusu! Neno tamu, linakatika kama andazi.
Mwalimu Kimambo ubaoni aliandika
mbili nukta tano nne;
ile nne ya mwisho nikaiacha
nikidhani ni chenji.

Inchi moja haikusema kitu.
Kumi zikanyamaza.
Themanini na nne zimekuja kudai kwa pamoja:
sentimita tatu na ushee,
upana wa vidole viwili.

"Punguza mlango," nikasema.
Ndelilio akaukumbatia.
"Punguza nyumba."

Lenta haiguswi, ina nondo.
Nimepiga magoti kizingitini,
natindua sakafu niliyoisakafia juzi.
Mama analeta chai, anasimama na kijiko hewani:
"Sukari, fundi, nikupimie,
au nikadirie?"