Gita la Pili

Mwezi wa kwanza Agutu alininyima nyuzi nne.
Alizifunga kwa leso kuukuu,
akaniachia mbili, zile nyembamba,
akasema: hizi zikikutosha, njoo uniambie.

Chumba chetu kilikuwa nyuma ya kinu cha unga, Manyatta,
tukishirikiana ukuta na mashine ya Nerea.
Ilipowashwa, sakafu ilinguruma chini ya viatu,
vumbi la mahindi likatua juu ya ampu,
juu ya ngoma, juu ya nywele za Ouko wa besi
hadi akafanana na babu yake.
"Sikiliza kinu," Agutu alisema.
"Hakijisifu. Ila kikizima, kila mtu anageuka."

Mimi nilikuja nimejaa.
Miaka miwili nilijifungia Ahero kwa baba,
vidole vikaota sugu, nikajua kodi zenye majina marefu,
nikaweza kupanda shingo ya gita na kushuka
bila kukanyaga sauti moja mara mbili.
Siku ya kwanza nilipiga zote.
Agutu akainama, akachomoa waya wangu taratibu
kama mama anayemtoa mtoto titi usingizini.
"Umejaza chumba," akasema,
"hata mwenye nyumba hana pa kuketi."

Basi nikajifunza kunyamaza kwa mkono.
Vidole vya kushoto vinalegea kidogo, uzi unazimika,
mkono wa kulia hausimami, unakwenda na kurudi
kama fagio la mtu asiye na haraka,
ka—cha, ka-ka—cha,
na kati ya ka na cha pana tundu.
Tundu hilo ni la Ouko. Ukilikanyaga, besi inachechemea.
Lile jingine ni la Lumbasi na ngoma zake.
Na lile pana, mwisho wa mzunguko, usiliguse:
mwimbaji anapumulia humo.

Mdogo wangu, tuliyelala kitanda kimoja, alihamia sakafuni.
Alisema usiku kucha nampiga mgongo
na kwamba, kibaya zaidi, nampiga vizuri.

Desemba, Kondele, ukumbi juu ya duka la vipuri.
Wimbo wa dakika tano ulikuwa umetimiza arobaini.
Beti zilikwisha zamani; mwimbaji alikuwa akitaja watu,
fundi wa magari, shemeji za fundi,
shangazi wa shemeji, kila jina na noti yake,
ndipo uzi wa Odipo wa solo ukakatika, twa,
ukamchapa shavu.

Wote wakanitazama.
Zile kodi za Ahero zilikuwa mlangoni
kama wageni waliokwisha kuvaa.
Sikuwafungulia.
Nyuzi mbili. Ka—cha, ka-ka—cha.
Ouko akasogea karibu, Lumbasi akaweka kijiti kimoja chini,
wachezaji wakashusha mabega, wakacheza padogo,
na hapo nikasikia kitu ambacho
sikuwahi kukisikia nikiwa na gita mkononi:
viatu.
Ngozi, raba, kisigino kimoja kilicholegea,
vyote vikiburura sakafu ile ya saruji
katika matundu niliyoyaacha.

Odipo alifunga uzi mpya, sikio lake kwenye mbao,
akaingia tena bila kubisha hodi.
Hakuna aliyepiga makofi.
Mama mmoja wa meza ya mbele, noti hewani,
bado alikuwa akidai jina la dada yake lirudiwe,
safari ile lilitamkwa vibaya.

Alfajiri Agutu alinipa mia mbili na nusu ya ngumu.
Hakusema kitu. Alikuwa akitafuta kofia yake.

Jumatatu nikakuta leso imefunguliwa, imetundikwa msumarini.
Nyuzi sita. Nilizitazama mpaka Nerea akawasha kinu.
Nikaanza na mbili.
Ya tatu niliiongeza Alhamisi,
nikaiondoa.