Kufuli

Simu ililia nikipepeta unga wa udaga.
Luhende akasoma, akasoma tena,
akampa Shija wa darasa la sita ahesabu sifuri.
Hatukupiga vigelegele. Tuliogopa
wenyewe wasije wakagundua wamekosea namba.

Jumatatu, Nyakaliro, kwa wakala.
Kisha daftari la dukani kwa Bugumba:
sukari ya msiba wa mama, sabuni, dawa ya pamba,
mistari kumi na saba. Akaikata kwa wino mwekundu,
akaniita "mama",
mwaka wa tisa tangu anijue.

Plau ikarudi kutoka rehani,
ncha yake imeliwa na mashamba ya watu.
Mbuzi wawili. Sare ya Shija.
Dagaa debe zima, si kwa kikombe.
Na kufuli, elfu tatu,
maana mlango wetu tangu tujenge
tuliufunga kwa kamba ya katani,
na mwizi wetu alikuwa upepo wa ziwani.

Nyanzobe hakuwamo kwenye orodha.
Paa lake linavuja kama lilivyovuja letu.
Zamani aliingia bila hodi, akachota chumvi,
akaondoka huku bado anasimulia.
Jana alisimama uani, akabisha.
"Karibu," nikasema.
Hakuingia. Alikuwa akilitazama kufuli.

Lilikuja na funguo mbili.
Alfajiri nimefunga mmoja kwenye pindo la khanga,
nikaiacha chumvi yangu imejaa kopo,
nikaenda kwake
kuomba chumvi.