Usigeuze Gari

Kila shimo la barabara, huko Łódź, lilikuwa mtu.
Ireneusz na gari lake la mikate
alirudi mara saba kuikagua lami:
hakuna damu, hakuna kiatu,
theluji tu,
na mikate nyuma ikipoa.

Miaka kumi na moja, kabla hajajua
ni ugonjwa, na dawa yake haimezwi.

Leo daktari Halszka ameketi kando yake,
mkoba mapajani.
Gurudumu linadunda. Du!
“Huenda umemgonga mtu,” anasema.
“Huenda hukumgonga. Twende.”

Kioo cha nyuma kinamwita kwa jina.
Usukani umelowa jasho.
Hofu inapanda, inapanda,
inakaa,
inachoka.

Mwenye duka anaupapasa mkate, anashangaa:
ungali moto.